Alama ya grisi ukurasa wa 41: shajara ya vitabu 24

Januari 2

Haya, naanza. Mwaka huu nasoma vitabu 24, vyote vya Kiswahili, viwili kwa mwezi, na kila nikimaliza kimoja naposti. Mradi wenyewe ndo huo, hauna maajabu. Mwaka jana nilisoma saba na nusu (hiyo nusu iko chini ya godoro mpaka leo) na kwa kuwa nilikuwa peke yangu hakuna aliyeniuliza kitu, sasa nimeona nijifunge mbele za watu, maana mtu akishatangaza harusi anaona aibu kuahirisha.

Kwa wasionijua, mi nauza spea za pikipiki Gerezani, Kariakoo. Plagi, cheni, spoketi, taa, vioo vya pembeni. Kazi ina masaa yake ya kufa, kati ya saa nane na saa kumi mchana wateja wanapungua, jua linapiga bati, majirani zangu wote wapo TikTok, mi nasoma. Na kila mteja akinikuta na kitabu swali ni lile lile, "mtihani lini?" Hajawahi kutokea hata mmoja wa kuniuliza kitabu kinahusu nini. Yaani kwa watu wengi kitabu ni kitu cha kufaulia, ukishapata cheti umemalizana nacho. Nikisema najisomea tu wanacheka, mmoja akaniambia "basi we una hela". Hela sina. Vitabu vyangu vingi ni vya mtumba, vya pale chini maeneo ya Posta, unainama unachambua katikati ya vitabu vya fizikia na majarida ya zamani mpaka mgongo unalia, ukibahatika unaondoka na riwaya ya shilingi elfu tatu yenye muhuri wa maktaba ya shule fulani, na unajifanya hujauona huo muhuri.

Vifaa vya mradi: simu yenye ufa kwenye kioo, daftari la madeni ambalo kurasa za nyuma nimezifanya za vitabu, na akaunti yenye mafolowa 212, nusu yao bodaboda.

Januari 21

Kitabu cha pili kimeisha na tayari nimeshagombana na mtu.

Nimesoma Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nilikisoma sekondari kwa ajili ya maswali na majibu, safari hii nimekisoma kama binadamu. Nikaposti kwa hasira, maana kile kitabu kinakasirisha, na kwenye hiyo hasira nikaandika mwisho wake mzima mzima, nani anafanywa nini. Haijapita nusu saa dada mmoja kaja inboksi na herufi kubwa tupu, NDO NINI SASA, kumbe alikuwa katikati, amekiazima, anasoma usiku mtoto akilala.

Nikamjibu kibabe. Nikamwambia dada kitabu kimetoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, kikarudi kikawa chenyewe ndo cha kusomwa mashuleni, watu wamekifanyia mtihani miaka nenda rudi, leo mwisho wake uwe siri? Akanijibu mstari mmoja tu: "mi nimezaliwa 2003 kaka."

Nikakaa nikautazama huo mstari. Nikafuta posti, nikaandika upya bila mwisho.

Lakini sasa hiyo posti ya pili ndo ikanipa raha ambayo sikuitegemea. Akina mama watatu, hawajuani, wakaanza kubishana kuhusu Zakaria, yule baba yake Rosa, kama ndo aliyemharibu binti kwa ukali au dunia ingemharibu tu. Komenti 31. Mmoja akaandika habari za baba yake mwenyewe, ndefu, bila nukta hata moja, halafu baada ya dakika kumi akaifuta. Niliisoma ikiwa bado ipo. Nilikuwa nimeshika mkebe wa plagi mkononi na mteja ananiita mara ya tatu simsikii.

Februari 9

Leo naandika kuhusu neno "PDF?"

Hiyo ndo komenti ninayoipata kuliko zote. Haina salamu, haina tafadhali, PDF na alama ya kuuliza. Nimehesabu kwenye daftari, wiki tano watu 19. Nikiwaambia sina wananiona mchoyo, nikiwaambia kinauzwa pale Mtaa wa Samora wananiambia "tushatoka huko kwenye makaratasi". Hakuna anayekuja dukani kwangu kuniomba plagi kwa PDF. Mtu ameandika kitabu miaka miwili mitatu, mchapishaji ametoa hela yake, halafu msomaji anayejiita mpenda vitabu anataka kipite WhatsApp kama picha ya harusi. Nilikuwa nimepanga kuandika waraka mrefu wa matusi kuhusu hili.

Nikaacha, kwa sababu ya kijana mmoja wa Tunduru. Naye aliomba PDF, nikampa jibu langu la kawaida, akasema kaka huku nilipo maduka yanauza madaftari, kalamu na vitabu vya shule basi, riwaya hakuna, nikanunue wapi. Hapo sikuwa na jibu la kejeli. Nikamtumia cha kwangu nilichokwisha kusoma, kwa basi, kwenye bahasha ya kaki, jina na namba ya simu kwa maka peni pande zote mbili kama mzigo wa dagaa. Nauli ya kifurushi ilizidi bei niliyokinunulia. Kimefika. Amenitumia picha amekishika juu juu kama kombe.

Maendeleo: vitabu vinne, cha tano nipo katikati. Nipo mbele ya ratiba, najisikia mtu wa maana sana.

Machi 4

Kuna kitu kimetokea.

Mpaka juzi picha zangu zote zilikuwa za mpangilio. Kitabu pembeni ya kikombe cha kahawa, shuka jeupe, miwani ambayo siivai (ya mke wangu, ya jua). Niliona wenzangu wanafanya hivyo, hasa wale wasomaji wakubwa wa Nairobi, wana rafu za mbao nyuma, mataa ya njano, mimea. Mi nikawa napiga kwenye kitanda chetu saa moja asubuhi mwanga ukiwa mzuri, mke wangu akiwa amesukumwa ukutani na mto ili mguu wake usionekane. Laiki kumi na mbili, kumi na tano.

Juzi nikiwa dukani nimetoka kumfungia mtu cheni, nikashika kitabu bila kunawa, kidole gumba kikabaki ukurasa wa 41, alama nyeusi ya grisi kabisa na mistari yake yote kama ile ya kitambulisho cha taifa. Niliumia, nikapiga picha kwa uchungu, nikaandika "jamani nimekiua", nikaposti.

Laiki 640. Mafolowa wamefika elfu moja na kitu. Watu wanasema "hiki ndo kitabu kinachosomwa", "kaka endelea", kuna mmoja ameandika insha nzima kuhusu wafanyakazi na fasihi. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza ya vioo mpaka mzee jirani akauliza kama nimefiwa.

Sikusoma hata ukurasa mmoja siku ile. Nilikuwa nasoma komenti.

Machi 17

Hili naliandika kwa aibu na naliandika kwa sababu nilisema shajara itakuwa ya kweli.

Kitabu cha sita kilikuwa cha kuazima, cha huyo huyo mzee jirani anayeuza beringi, toleo la zamani, karatasi zimekuwa za rangi ya chai. Kitabu kizuri sana. Siku ya kuposti nikapiga picha, ikatoka safi, nikaitazama nikaona haina kitu. Nikasubiri duka litulie. Nikafungua kopo la grisi, nikachovya kidole gumba, nikafungua ukurasa wa katikati ambao hata sikuwa nimevutiwa nao sana, nikagandamiza.

Nikapiga picha tatu ili nichague.

Laiki 210, kwa hiyo hata haikulipa. Na kitabu si changu. Nilijaribu kuitoa kwa unga wa sembe, mtu aliniambia unga unanyonya mafuta, unga ukanyonya kidogo ukaacha duara la manjano kubwa kuliko alama yenyewe. Nikakirudisha nikiwa nimeandaa maneno, bahati mbaya ilitokea mzee wangu, unajua kazi zetu. Akakifungua palepale, akaikuta, akaweka kidole chake juu ya ile alama akapima, akasema "kidole kimesimama wima hiki, mtu anayegeuza ukurasa anaulaza." Amefanya kazi na mashine miaka arobaini, utamdanganya nini. Nikamwambia ukweli wote. Hakukasirika, aliuliza tu swali moja, "sasa hao watu elfu moja ndo watakurudishia kitabu changu?"

Namdai toleo lingine, yaani ananidai. Naendelea kulitafuta Posta.

Aprili 6

Vitabu tisa. Ratiba inanitaka nisome sita. Hongera kwangu, ila nitaeleza hivyo tisa vimepatikanaje.

Nimejiunga na ile app ya kuhesabia vitabu, unaandika lengo lako inakuchorea mstari, ukichelewa inakwambia uko nyuma vitabu vingapi. Kwanza vitabu vyetu vingi havimo au vimo bila jalada, unakuta kiboksi cha kijivu, nimekaa usiku mzima naingiza mwenyewe majina na miaka. Pili ule mstari una uchawi. Nikajikuta kabla sijanunua kitabu nakitazama unene. Chembamba, weka kwenye mfuko. Kinene, rudisha. Niliacha Vuta n'kuvute mkononi mwa muuzaji, riwaya ambayo nimeitamani miaka (na muvi yake iliyotoka 2021 sijaiangalia makusudi ili nisome kwanza), nikachukua vijitabu viwili vya upelelezi vya kumaliza kwa usiku mmoja. Si kwamba vya upelelezi ni vibaya, mi nimekulia humo, kaka yangu alikuwa anavificha kwenye dari. Ni kwamba sikuvichagua, nilivipima kama nyama.

Na pale nilipokuwa nasoma nilikuwa nasoma na mtu wa pili kichwani, huyo kazi yake ni kutafuta sentensi ya kuposti. Nikifika mahali pazuri badala ya kutulia ananiambia "hii hapa, piga picha." Basi napiga picha, naweka duara la rangi, naingia kuangalia kama kuna aliyeiona, nikirudi kwenye kitabu nimesahau nani alikuwa anaongea na nani.

Aprili 27

Sasa sikilizeni mtego nilioingia.

Nilitaka cha kumi kiwe chepesi. Nikaona Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, ya 1990. Kitabu chembamba, hakifiki hata kurasa mia, unakiviringisha kinaingia mfuko wa nyuma wa suruali. Nikasema hiki Ijumaa mpaka Jumapili, Jumatatu naposti.

Leo ni wiki ya tatu.

Msimulizi ni "mimi", anasafiri, huelewi kama ameamka au anaota, unageuza ukurasa unakutana na akina Plato na Nietzsche kama vile umekutana na watu wa mtaani kwenu, mambo yanaanza hayaishi. Kila sentensi peke yake ni Kiswahili rahisi kabisa, mtoto wa darasa la sita anaisoma, ukiziunganisha kichwa kinakuwa kama kabureta imeingia maji. Nimesoma kurasa ishirini za mwanzo mara nne. Mara ya kwanza nilikasirika. Ya pili nikalala. Ya tatu nikaona kwamba nilipokuwa nalala ndo nilikuwa nimekaribia kuelewa. Sijui nieleze vipi.

App inasema bado niko mbele. Inboksi inasema "kaka umepotea", "vipi grisi imeisha?" na kuna jamaa anayeniuliza kila siku saa mbili asubuhi "leo tunasoma nini mkuu" utadhani mi ndo redio.

Mei 4

Nimeposti kwamba nimemaliza Nagona. Nyota tano. Nimeandika "kitabu kinachokufanya ujiulize maswali". Sijamaliza.

Mei 18

Huwezi kumdanganya mtu wa Ukerewe kuhusu Kezilahabi, hiyo ndo imekuwa elimu ya mwezi huu. Mwalimu mmoja mstaafu wa huko (Kezilahabi kwao ni huko huko Ukerewe) akaja kwenye posti yangu kwa adabu zote, "hongera kijana, hebu tueleze, ule mwisho umeuelewaje?" Hajaniuliza kwa ubaya. Alikuwa na hamu kweli ya kusikia.

Nikaiacha komenti siku mbili. Siku ya tatu nikaandika: mwalimu shikamoo, nimedanganya, nimeishia katikati, sielewi kitu, niliposti kwa sababu watu walikuwa wananisubiri. Nikatupa simu kwenye droo ya risiti nikaenda kula.

Nilirudi nikijua nimeisha. Kumbe komenti 80 na kitu, na nyingi zinasema kitu kimoja kwa namna tofauti: hata mimi. Hata mimi niliishia ukurasa wa thelathini. Hata mimi nilikibeba chuoni miaka mitatu sijakimaliza nikaandika tasnifu kutoka kwenye maelezo ya mwenzangu. Mafolowa 60 wameondoka siku hiyo, nawaelewa. Mwalimu akajibu, "Marahaba. Basi tuanze wote ukurasa wa kwanza."

Ndo likazaliwa grupu. Tuko kumi na wanne, WhatsApp, kila siku saa tatu usiku mtu mmoja anasoma kurasa mbili kwa voisi, wengine tunafuata, halafu tunabishana mpaka bando zinaisha. Sheria ni moja, ukiwa hujaelewa unasema sijaelewa. Mwalimu mwenyewe amesema mara tisa, nimehesabu, hii tabia ya kuhesabu haijaniisha.

Usiku wa Jumatano tulipigana kweli, maana mtu mmoja alisema Kezilahabi aliharibu Kiswahili, mwalimu akasema hiyo kesi ni ya zamani, 1974 ilipotoka Kichomi na mashairi yake yasiyo na vina wala mizani, washairi wa jadi walikuja juu, malumbano hayo yakaendelea miaka. Na kabla ya hapo gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na mashairi ya wasomaji, mtu wa Tanga anaandika, mtu wa bara anamjibu toleo linalofuata, anajibiwa tena. Nikawaza kumbe haya mambo ya kubishana na mtu usiyemjua sura kuhusu maandishi babu zetu walishayafanya, ila wao walikuwa wanasubiri mwezi mzima jibu lifike, sisi mtu akichelewa dakika tano tunaandika "umekimbia?"

Juni 1

Nagona imeisha. Wiki saba. Kitabu chembamba kuliko vyote nilivyosoma mwaka huu ndo kilichochukua muda mrefu kuliko vyote. Hapa sitaandika nimeelewa nini, grupu linajua, na bado hatujakubaliana kuhusu yule mnyama, paa wa mle kitabuni.

Nimefuta ile app. Daftari la madeni linatosha.

Juni 22

Grupu limechagua Kuli ya Adam Shafi. Riwaya ya makuli wa bandarini Unguja, wabeba mizigo, mpaka kwenye mgomo wa 1948. Nimenunua mpya, Samora, nikalipa bei yake yote na nikaomba risiti, usiniulize kwa nini.

Na tumepata mtu mpya. Bi Mkubwa mmoja yuko Muscat, familia yake ni ya Unguja, ameishi Oman miaka mingi sana. Mjukuu wake ndo aliyemwingiza kwenye grupu. Kusoma herufi ndogo macho hayamruhusu, kwa hiyo yeye anasikiliza voisi tu, na alikaa wiki nzima kimya tukajua ameondoka.

Zamu yangu ilipofika nikasoma kurasa zangu mbili, mi mtoto wa Dodoma, nasoma Kiunguja kama nasoma tangazo la msiba. Sekunde chache baada ya kutuma, simu ikaita voisi. Sauti ya mtu mzima, taratibu:

"Mwanangu, umesoma vyema, lakini unakimbia. Hao watu wanazungumza, hawasomi. Rudia."

Nikasema shikamoo Bi Mkubwa. Akasema marahaba, rudia.

Nikarudia. Akanisimamisha kwenye maneno matatu, akaniambia huku linatamkwa hivi, akaanza kueleza mtaa waliokuwa wanakaa na sauti za magari ya kukokota mizigo asubuhi, kutoka hapo akaingia kwenye vyakula, mbona nyie mnasema nyanya hamsemi tungule, mnasema viazi hamsemi mbatata, tukaishia huko, kwenye tungule na mbatata, vitu ambavyo havikuwa hata kwenye kurasa tulizokuwa tunazisoma. Voisi ya dakika kumi na moja. Mwalimu wa Ukerewe akaandika "nyamazeni wote asimulie."

Nilitaka kuiposti. Niseme ukweli, kidole kilikuwa tayari juu ya kile kimshale, nilikuwa nimeshatunga na maneno ya juu yake, na najua kabisa ingeenda mbali kuliko grisi. Nikamuuliza kwanza. Akasema, "hapana mwanangu, hayo nimewaambia nyinyi."

Basi. Nimeisikiliza mara sita peke yangu.

Julai 8

Jana Sabasaba na pia ndo siku ya Kiswahili duniani, UNESCO waliitangaza 2021, kwa hiyo mtandao mzima jana ulikuwa unapenda Kiswahili kwa masaa ishirini na nne. Nilifunga duka mchana nikaenda viwanjani, msongamano wa kufa mtu, nikapita kwenye mabanda ya vitabu. Nimenunua Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar. Gurnah alipopata Nobeli 2021 nilikuwa mmoja wa waliojaa kifua mitandaoni, "mtu wetu", bila kuwa nimesoma hata mstari wake. Tafsiri imetoka mwaka uliofuata na mi nimeinunua jana. Mambo taratibu.

Kwenye banda kijana mmoja akaniangalia akasema "we si yule wa grisi?" Nikasema ndio. Akaomba picha. Nikapiga naye, mikono yote miwili mfukoni.

Agosti 16

Shinikizo jingine ambalo sikulijua kabla: waandishi.

Ukishakuwa na mafolowa elfu mbili na kitu watu wanaanza kukutumia vitabu vyao bure. Mwanzo nilifurahi kama mtoto. Kitabu bure jamani. Kisha unakifungua unakuta kimechapwa kwa hela ya mtu mwenyewe, ameuza mbuzi, picha ya jalada ameipiga mdogo wake, na ni kibaya. Si kibaya kwa makusudi, ila mhusika anakufa ukurasa wa 30 anarudi ukurasa wa 55 bila maelezo. Na mwandishi anakuandikia kila siku, "vipi mkuu umefika wapi", "mkuu leo utaposti?"

Nifanye nini sasa? Nikisifia nitakuwa nimewauzia watu grisi tena. Nikiponda, huyu mtu kauza mbuzi. Nikampigia simu. Tulizungumza saa nzima na dakika. Nilimwambia yule marehemu wako amefufuka. Kimya. Akasema "ukurasa gani?" Nikamwambia. Akatukana, si mimi, alijitukana mwenyewe, akacheka, akasema ameshauza nakala 70 na wewe ndo mtu wa kwanza kuniambia. Sabini! Ina maana kati ya hao wote hakuna aliyefika ukurasa wa 55, au walifika wakaona aibu kama nilivyoona mimi.

Sijaposti chochote. Ananitumia toleo lililorekebishwa mwezi wa kumi.

Septemba 14

Hali ya mradi: vitabu 13. Kwa ratiba ningetakiwa kuwa kwenye 17. Sitafika 24, labda 17 au 18, na nimeshawatangazia, mmoja akaandika "umefeli mkuu", nikampa laiki.

Kwenye akaunti naposti mara moja kwa wiki mbili, picha yoyote inayotoka. Bado nikiposti naangalia baada ya dakika tano, tena baada ya kumi, mke wangu ananiita "mhesabu kura". Siwezi kusema nimepona. Ila dukani simu naiweka kwenye droo ya risiti kuanzia saa nane mpaka saa kumi, na ufunguo wa droo anakaa nao mzee wa beringi. Toleo lake nimelipata hatimaye, wiki iliyopita, Posta, chini kabisa ya rundo, lina muhuri wa shule kama kawaida. Amelipokea, akalipekua ukurasa kwa ukurasa kukagua, akalifungia kabatini. Nilipomwomba kuazima kingine akanionyesha ndoo ya maji na sabuni ya unga, kwanza.

Vuta n'kuvute niliirudia, muuzaji alikuwa bado nayo. Nimesoma siku ishirini na sita, sikupiga picha hata moja ya ndani.

Grupu limepiga kura, kitabu kinachofuata ni Mzingile, ya 1991, ambayo inaendeleza yale yale ya Nagona. Tunaanza kesho saa tatu usiku, mwalimu ndo anafungua. Bi Mkubwa amesema tusimtegemee, saa tatu yetu kwao ni saa nne na yeye mtu mzima, na zaidi ya hapo amesikia voisi za Nagona zote kwa mjukuu wake na hilo likitabu la wazimu hataki kulisikia tena. Halafu baada ya dakika ishirini akatuma voisi nyingine anauliza, kwani yule paa walimpata?